Kubangua Bila Kuponda

Mama yangu alikuwa akibangua korosho nyuma ya nyumba yetu Nachingwea, ameketi kwenye kigoda, jiwe bapa mbele yake na kipande cha gongo mkononi. Korosho zilikuwa zimeshakaangwa juu ya bati mpaka mafuta ya ganda yameungua na moshi wake mkali umetutoa machozi sote. Baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa pigo moja. Ukipiga kwa woga, ganda halifunguki, na pigo la pili huja na hasira. Ukipiga kwa hasira unaponda kila kitu, ganda na kiini. Korosho nzima ina bei yake na iliyovunjika ina bei yake, na kwetu sisi tofauti ya bei hizo mbili ilikuwa daftari na sare ya shule.

Nilijaribu kumsaidia, nikavunja nyingi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Husikilizi, mwanangu." Nilidhani ananilaumu kwamba simsikilizi yeye. Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anazungumzia korosho.

Neno lile hunirudia nikiwa jukwaani kwenye Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa, pale mshambuliaji anapopokea mpira ndani ya boksi huku beki amemganda mgongoni. Watu wote wanaonizunguka wamesimama na wanapiga kelele: "Piga! Piga!" Mimi nasema moyoni: sikiliza kwanza.

Namungo FC ndiyo timu iliyotupa sisi watu wa ndani ya Lindi sababu ya kusafiri kwenda Ruangwa siku za mechi, kupitia mashamba ya ufuta na mbaazi, nguo zimeshika vumbi. Jina lake limetokana na Namungo, sehemu iliyo ndani ya wilaya hiyo hiyo, na mashabiki wakaiongezea jina la utani: Wauaji wa Kusini. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na ikamaliza msimu wake wa kwanza ikiwa ya nne. Wakati ule watu walianza kulijua vizuri jina la Reliants Lusajo, mshambuliaji ambaye beki akimpa nafasi ya kugeuka alikuwa ameshachelewa. Tarehe 2 Agosti 2020 Namungo ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga na kufungwa na Simba 2–1. Kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi pia, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaiangukia timu ya Ruangwa.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nianze kuutazama umaliziaji kwa jicho jingine. Februari 2021 Namungo ilisafiri kwenda Luanda kucheza na Primeiro de Agosto ya Angola. Ilikuwa kipindi cha korona. Baada ya vipimo vya uwanja wa ndege msafara ukazuiwa, mechi haikuchezwa, na hatimaye Shirikisho la Soka Afrika likaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Ya kwanza Namungo ikashinda 6–2. Mabao sita, dhidi ya klabu kubwa ya Angola, kutoka kwa timu ambayo miaka miwili kabla haikuwa hata Ligi Kuu! Ya pili ikafungwa 3–1, lakini ikavuka kwa jumla ya mabao 7–5 na kuingia hatua ya makundi.

Huko ikapangwa na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Ikacheza mechi sita, ikafungwa zote sita, na haikufunga hata bao moja.

Tulizungumza sana kuhusu jambo hilo vibarazani. Wengine walisema ni bahati mbaya, wengine uchovu, wengine wakaanza kunong'ona mambo ya kamati za ufundi zile zisizo na makocha ndani yake. Mimi sikuona kitu cha kunong'onea. Wachezaji walikuwa na miguu ileile iliyotia sita kambani mwezi uliotangulia. Kilichobadilika ni muda. Dhidi ya Raja, timu ambayo mwaka huo ndiyo iliyokuja kulitwaa kombe lenyewe, mshambuliaji hapewi ile nusu sekunde ya kujipanga. Beki wa kiwango kile hakukimbilii kuja kukunyang'anya mpira. Anakusindikiza. Anakuachia upande mmoja kwa makusudi, upande ambao ukienda goli linapungua kila unapopiga hatua.

Goli kweli hupungua, na hesabu yake iko wazi. Mlango wa goli una upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, uwe Casablanca au Ruangwa. Simama mbele yake katikati, mita 11 kutoka mstarini, pale penye alama ya penalti. Macho yako yanaona uwazi wa digrii kama 37 kutoka nguzo hadi nguzo. Sasa sogea pembeni mita 10 tu, bila kurudi nyuma. Uwazi umebaki digrii 21. Hapo hatujamhesabu kipa, ambaye akitoka hatua tatu kukufuata anafunika karibu wote uliobaki. Shabiki aliyekaa jukwaani analiona goli zima, jeupe, kubwa kama ukuta wa nyumba, na anashangaa mtu aliyekosa. Aliyekosa alikuwa anatazama ufa.

Ndiyo maana duniani kote, kwenye ligi zenye fedha na zisizo na fedha, katika kila mashuti kumi linaloingia ni kama moja. Penalti yenyewe, mpira umetulia na hakuna beki, karibu moja katika kila nne haiingii. Tukiyaweka hayo mbele, mtu anayefunga mabao kumi katika msimu mmoja akiwa na timu ya wilayani amefanya kazi ambayo haijapata heshima yake. Mtaani neno fundi tumempa kiungo anayepiga chenga na kupitisha mpira katikati ya miguu ya watu. Mfungaji tunamwita muuaji, au mwenye bahati, au mchawi. Mimi namwita fundi kwa sababu nimemwangalia anavyofanya kazi, na sehemu kubwa ya kazi yake anaifanya akiwa hana mpira.

Jaribu hivi siku moja: kwa dakika kumi usiutazame mpira. Mtazame namba tisa peke yake. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilihisi nimekaa uwanja mwingine. Anatembea. Anasimama nyuma ya bega la beki wa kati, mahali ambapo beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa wakati mmoja. Akigeuza shingo kumtafuta mmoja amempoteza mwingine. Winga akifika na mpira pembeni, mshambuliaji anapiga hatua mbili kuelekea nguzo ya mbali, polepole, kama mtu aliyekata tamaa. Beki anamfuata. Kisha anakata ghafla kuja nguzo ya karibu. Mara tisa krosi haiji, au inakuja nyuma yake, au inakatwa na mguu wa mtu. Mara zote tisa anarudi kutembea na kuanza upya, hamlaumu winga wala hainui mikono. Mara ya kumi mpira unafika na yeye yuko pale, na watu wote wanasema umemkuta.

Kiswahili chetu kimelielewa hilo kuliko tunavyojua sisi wenyewe. Mchezaji aliyetangulia beki wa mwisho kabla pasi haijapigwa tunasema ameotea. Neno hilo ni la mawindo. Kuotea ni kujibanza kichakani ukimngoja mnyama apite, bila kukohoa, bila kumuua mbu anayekuuma. Wazee wa Kimwera na Kimakonde waliowinda kwenye misitu ya huku wanajua kwamba anayefurukuta harudi na nyama. Kwa hiyo neno lililo la sifa kwa mwindaji limekuwa jina la kosa kwa mshambuliaji, na kinachoyatenganisha ni nusu hatua. Anapaswa kuotea bila kuotea. Akiwahi kidogo, mwamuzi msaidizi ananyanyua kibendera. Akichelewa kidogo, beki ameshaufikia mpira. Hakuna kazi ya mikono niliyowahi kuiona yenye kipimo chembamba hivyo, isipokuwa labda ile ya gongo na ganda.

Tena mshambuliaji hajui atapata nafasi ngapi. Kwenye kriketi ya ova 20, ile inayochezwa Dar es Salaam na timu yetu ya taifa, wapigaji wanaingia uwanjani wakijua wana mipira 120 na si zaidi. Wakishindwa kupata mikimbio, angalau wanajua wamebakiwa na mipira mingapi ya kujirekebisha. Mshambuliaji wa mpira wa miguu hapewi hesabu. Anaweza kupata nafasi tano kabla ya mapumziko, au moja dakika ya 88. Inambidi aitunze miguu na akili yake kwa ajili ya kitu ambacho huenda kisije, na kikija kisimkute anafikiria kile kilichopita.

Halafu mpira unafika kweli, na hapa ndipo fundi anapoachana na mpigaji. Mtazame mguso wake wa kwanza. Mwanafunzi huutuliza mpira chini ya nyayo, halafu analazimika kuusogeza ili aupige, na katika kule kusogeza beki ameshafika. Fundi anapougusa mara ya kwanza tayari ameuweka pale atakapoupigia. Mguu wa kusimamia umekaa kando ya mpira, vidole vyake vikitazama anakokusudia. Kifua kiko juu ya mpira. Kikirudi nyuma hata kidogo, mpira unapaa juu ya mtambaa panya na kwenda kutafutwa barabarani. Na nguvu? Nguvu ni kidogo mno kuliko tunavyodhani. Sehemu kubwa ya mabao ya ndani ya boksi hupigwa kwa upande wa ndani wa mguu, mpigo wa mtu anayesukuma mlango asiamshe watoto.

Kinachobaki ni kumngoja kipa. Kipa naye ni binadamu aliyesimama kwa miguu miwili. Mshambuliaji akichelewa kidogo tu, kwa muda wa kupepesa jicho, kipa huanza kuuhamishia uzito upande mmoja, na hapo upande wa pili umefunguka. Huku ndiko kusikiliza alikokuwa akikusema mama. Mpigaji ameshaamua tangu mpira ukiwa njiani, kwa hiyo anampiga kipa kifuani. Fundi anaamua mwisho, baada ya kuambiwa na mwili wa mtu mwingine.

Gerd Müller wa Ujerumani Magharibi alifunga mabao 68 katika mechi 62 za timu ya taifa, na ukiyatazama mengi hayana uzuri wa kupamba ukutani: kageuka, kaugusa, umeingia. Mbwana Samatta, akiichezea Aston Villa siku ya tarehe 1 Machi 2020 pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza, aliupata mpira wa krosi uliokuja chini ambao wengi wangeusubiri kwa mguu. Yeye akajirusha mbele na kuupiga kwa kichwa. Villa ilifungwa na Manchester City 2–1, lakini sijasahau jinsi alivyokataa kuusubiri. Kusikiliza si kuchelewa kila mara. Wakati mwingine mpira wenyewe unakuambia sasa hivi.

Na hatuhitaji kwenda Wembley. Rekodi ya mabao mengi katika msimu mmoja wa ligi yetu inayotajwa mpaka leo ni 26, ya mwaka 1999, na aliyeiweka ni Mohamed Hussein, ambaye Tanzania nzima ilimjua kwa jina la Mmachinga, jina la kabila la pwani ya Lindi. Msimu wa 2021/22, wakati macho yote yako Kariakoo, kwa Simba na Yanga, mfungaji bora alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Timu ya mji wa machimbo! Mtu aliyekuwa akihudumiwa na viungo wasiotajwa na redio, kwenye viwanja ambavyo mpira hudunda upande unaotaka wenyewe. Kila ninapowasikia watu wakisema timu za mikoani haziwezi kuwa na mfungaji, namkumbuka Mpole na kunyamaza, kwa sababu kubishana kunanikasirisha.

Sisi wa Nachingwea tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili la kusikiliza kabla ya kupiga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao wa karanga, na wilaya yetu ikawa moja ya sehemu zake. Walileta matrekta makubwa, wakajenga reli kutoka pwani na bandari ya Mtwara kwa ajili ya shehena ya karanga waliyoiona kwenye karatasi. Waliipiga ardhi kwa nguvu zote kabla ya kuiuliza inataka nini na mvua zake zikoje. Mwaka 1951 serikali yao ikauacha mpango wenyewe, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Wakulima wa hapa, kwa jembe la mkono, waliendelea kulima karanga zao kidogokidogo kama walivyokuwa wakilima kabla.

Kuna mzee mmoja Nachingwea aliyewahi kucheza ushambuliaji enzi za ujana wake, timu za mchangani tu, hakufika ligi yoyote. Jioni hufundisha vijana kwenye uwanja ulio jirani na mikorosho, magoli ni ya mianzi, mstari umechorwa kwa jivu. Nilikwenda kumwangalia baada ya mechi moja ya ndondo ambayo kijana wake, wa miaka kama 17, alikosa nafasi tatu za wazi. Watazamaji walimzomea vibaya. Mpira wa kwanza aliupaisha, wa pili akampiga kipa, na wa tatu aliupiga kwa hasira ukatoka kama vile hakuwahi kuliona goli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umemwona?"

"Nimemwona. Amekosa tatu."

"Nafasi tatu alizipata," akasema. "Wale wengine kumi hawakupata hata moja. Hukujiuliza alifikaje pale mara tatu?"

Sikuwa nimejiuliza. Nami nilikuwa nimeutazama mpira.

Mazoezi yake yalinishangaza kwa sababu kwa muda mrefu mpira haukuwepo. Alimsimamisha kijana ndani ya boksi na mwenzake mmoja awe beki, yeye mwenyewe akasimama pembeni mikono mitupu akijifanya winga. Akiinua mkono wa kulia, krosi ya karibu. Akiinua wa kushoto, ya mbali. Kazi ya kijana ilikuwa kufika pale akiwa peke yake, basi. Wakarudia labda mara thelathini. Kila beki alipomkamata, mzee hakusema kitu. Alipomponyoka, mzee alisema "Eeh," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeonja mchuzi ukamridhisha.

Ndipo akautoa mpira. Akamweka golini mtoto mdogo, mdogo wake yule yule kijana nadhani, maana walifanana paji la uso. Akawa anaurusha kwa mkono, taratibu, na sharti likawa moja: kabla ya kupiga, kijana ataje kwa sauti upande ambao kipa ameelemea. Mara za mwanzo alitaja baada ya kupiga. Mzee akamwambia anadanganya, na kijana akacheka kwa mara ya kwanza tangu mechi iishe. Akaanza kungoja. Mara mbili alingoja mno, mtoto akamfikia miguuni na kuuchukua mpira. "Si neno," mzee akasema. "Huko ndiko ulikokuwa unaogopa kwenda. Umeshafika, umerudi."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikorosho na mpira ulikuwa ukionekana kwa shida. Mzee akaurusha tena. Kijana akaugusa mara moja pembeni, akasimama na mguu hewani, akasema "Kulia," na kuusukuma kushoto kwa upande wa ndani wa mguu, taratibu kabisa. Goli lile halina nyavu. Mpira ukapita kati ya mianzi, ukaendelea kubiringika kwenye majani makavu mpaka chini ya miti, na yeye mwenyewe akaenda kuufuata gizani ili warushiane tena.